Muhokya: Jiwe Lipo, Kuni Je?

Msafiri atokaye mji wa Kasese akielekea mpakani Bwera hufika Muhokya kabla hajatulia vyema kitini. Ni mwendo usiozidi kilomita 15. Kuliani kwake husimama milima ya Rwenzori, ambayo vilele vyake aghalabu hufichwa na mawingu. Kushotoni nchi huteremka taratibu, nyasi na migunga, mpaka Ziwa George. Katikati ya mlima na ziwa ndipo wanapoishi watu wa Muhokya. Baadhi yao hulima, baadhi huchunga ng'ombe, baadhi huvua samaki katika kijiji cha Kahendero, na baadhi hupasua mawe na kuyachoma yawe chokaa.

Ni vigumu kupata mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo aina zote za maliasili zimekusanywa karibu hivyo. Mtu aliyeamka alfajiri Muhokya aweza kuona machimbo ya mawe, kisha mpaka wa hifadhi ya wanyama, kisha ziwa, na jua lisiwe limetua. Akipanda gari akavuka ikweta pale Kikorongo, ataikuta chumvi ya Katwe. Akigeuka nyuma akapita Kasese na kupanda bonde la mto Nyamwamba, ataikuta migodi ya shaba ya Kilembe.

Vitabu vya shule huwafundisha watoto kwamba maliasili ni za aina mbili: zile zinazojirudisha, kama miti, samaki, nyasi na maji; na zile zisizojirudisha, kama mawe ya chokaa, shaba na mafuta. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini yana upungufu mmoja ambao umewagharimu watu wengi. Mtoto aliyeyakariri huondoka akiamini kwamba mti na samaki havina mwisho, na kwamba jambo la kuhofia ni kwisha kwa jiwe. Muhokya inaonyesha kinyume chake. Jiwe la chokaa lipo, nalo litaendelea kuwapo kwa muda mrefu. Kinachopungua mbele ya macho ya watu ni kuni za kulichomea.

JIWE LINAVYOGEUKA CHOKAA

Jiwe la chokaa ni kazi ya maji na ya maelfu ya miaka. Maji yaliyobeba chokaa iliyoyeyuka huiacha chini kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hata ikawa mwamba. Fundi wa tanuri huja na nyundo na mtaimbo, akaurudisha mwamba huo katika hali ya unga kwa siku chache tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mawe hupasuliwa vipande vya ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo, yakapangwa ndani ya tanuri kwa namna ya kuacha njia za moto. Moto huwashwa na kulishwa mchana na usiku. Jiwe linapofikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizosalia hupaa angani, hazionekani wala hazinusi. Ndiyo maana jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi, na fundi mzoefu hulijua kwa kulipima uzito tu. Lisipoiva vizuri, kiini chake hubaki jiwe. Likiungua kupita kiasi, huwa gumu na kukataa maji.

Jiwe lililoiva likimwagiwa maji huchemka lenyewe, likatoa mvuke na kusambaratika kuwa unga mweupe. Huko ndiko kuzima chokaa. Unga huo hupaka nyumba, huchanganywa na mchanga wa kujengea, huponya udongo wenye uchachu mashambani, na hutumika katika viwanda vya sukari, vya ngozi na vya kusafisha maji. Watu wa pwani ya Lamu, Mombasa na Unguja waliijua kazi hii karne nyingi zilizopita, wakichoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo liitwalo tanu. Nyumba walizojenga kwa chokaa hiyo zimesimama hadi leo.

Tatizo liko katika moto. Kwa hesabu ya wataalamu, joto linalohitajika kuigeuza chokaa tani moja lingeweza kupatikana kwa kilo 200 hivi za kuni kavu, kama hakuna hata chembe ya joto ingepotea. Lakini tanuri lililojengwa kwa mawe na udongo, lenye kuta zinazovuja na mdomo ulio wazi, hupoteza sehemu kubwa ya joto lake angani. Tena kila likimaliza kuchoma sharti lipoe, mawe yatolewe, mengine yapangwe, na kuta zianze kupashwa moto upya. Kwa hiyo tanuri la namna hii huweza kula kuni mara kadhaa ya kipimo kile, na zikiwa mbichi hula zaidi, kwa maana moto hutumika kwanza kukausha maji yaliyo ndani ya gogo.

Na ichukuliwe hesabu ndogo ya mfano, ambayo mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya. Tanuri moja huwaka mara moja kwa mwezi, na kila mara hula miti ya ekari moja ya shamba la mikaratusi. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena kisikini na kuwa kuni baada ya miaka sita hivi. Mwenye tanuri huyo anahitaji ekari ngapi? Miezi 12 mara miaka sita ni ekari 72. Akiwa nazo zote 72, atakata ekari ya kwanza Januari, na atakapomaliza ya mwisho miaka sita baadaye, ya kwanza itakuwa tayari kukatwa tena. Anaweza kuchoma chokaa maisha yake yote na kuwarithisha wanawe. Lakini akiwa na ekari 36 na moto ule ule, mwaka wa nne atakuta visiki vyenye machipukizi ya kiunoni. Hapo atakata machipukizi, au atanunua, au atakwenda kukata mahali pasipo pake.

Hapo ndipo ilipo siri ya maliasili zinazojirudisha: kila moja ina mwendo wake wa kurudi, na mwendo huo haujali haja ya mtu. Mti ukikatwa kwa kasi kuliko unavyoota, huwa umekwisha kuingia katika aina ya shaba na dhahabu, hata kama una majani mabichi.

MPAKA WA HIFADHI

Mahali pasipo pake, kwa mtu wa Muhokya, pako karibu sana. Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kubadilishwa jina mwaka 1954, imepakana na vijiji. Upande wa juu kuna Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Mwananchi amebanwa kati ya mbili hizo, na nchi ya tambarare ambako anaishi hupata mvua haba kuliko milimani. Mti hauoti upesi huko.

Askari wa wanyamapori humwona mama mwenye mzigo wa kuni kuwa mhalifu. Mama humwona askari kuwa mtu asiyejua kwamba maharagwe hayaivi kwa sheria. Wote wawili wana haki kiasi. Sheria ya Uganda imeagiza kwamba asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini irudishwe kwa jamii zinazopakana nayo, na baadhi ya vijiji vimewahi kufikia mapatano na wakuu wa hifadhi ya kuokota kuni zilizokauka kwa utaratibu na siku maalumu. Mapatano ya aina hiyo hufaa kuliko msako, kwa sababu mwenye ruhusa ya kuokota tawi kavu huwa na sababu ya kumsema jirani anayekata mti mbichi. Isitoshe, mwanamke aingiaye kwa kificho huenda peke yake alfajiri, na ndipo hukutana na nyati.

Lakini mapatano hayo ni ya jiko la nyumbani. Hakuna hifadhi duniani iwezayo kulisha matanuri kwa kuni za kuokota. Mwenye tanuri hana budi kupanda miti yake. Katika nchi kavu kama ile mjohoro hustahimili vizuri. Mkaratusi nao hukua upesi, ila usipandwe kando ya vijito na chemchemi, kwa kuwa ni mnywaji mkubwa wa maji. Ipo njia nyingine pia. Kiwanda cha saruji cha Hima, kilichoko kaskazini mwa mji wa Kasese, kimewahi kutumia maganda ya kahawa katika moto wake. Kahawa hulimwa milimani kote, toka Kilembe hadi Bwera, na maganda yake mara nyingi hutupwa. Tanuri dogo haliwezi kuyatumia bila kubadilishwa mdomo na njia ya hewa, lakini hiyo ni kazi ya fundi, si muujiza.

Miteremko inapovuliwa miti, gharama hailipwi na mkataji peke yake. Tarehe 1 Mei 1996 ingeulizwa Nyamwamba ni mto gani, wageni wengi wasingejua. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo uliporomosha mawe makubwa hadi Kilembe na Kasese, ukavunja madaraja na nyumba. Ulirudia mwaka 2014, na tena Mei 2020, wakati mito mingine ya milima ile nayo ilipofurika na hospitali ya Kilembe kuharibiwa vibaya. Si haki kumlaumu mchoma kuni kwa yote hayo: mvua zilikuwa kubwa mno, mlima ni mkali, na mwaka 2012 moto ulikuwa umeunguza uoto wa sehemu za juu. Hata hivyo mteremko usio na mizizi hauna cha kushikia maji. Familia nyingi zilizopoteza makao mwaka 2020 zilihamishiwa katika kambi, na kambi hiyo ilikuwa Muhokya. Waliishi humo kwa miaka, na kila jioni kila familia ilihitaji kuni.

ZIWA LILILOPIMWA

Aliye na shaka kwamba kitu kinachojirudisha kinaweza kupungua, na atazame Ziwa George. Ni ziwa dogo, kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake kwa wastani ni meta 2.4 tu, mtu mrefu akisimama juu ya mabega ya mwenzake angeweza kutoa kichwa. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na viboko hula nyasi nchi kavu usiku wakaja kuyatia mbolea mchana. Kwa sababu hiyo lilikuwa na utajiri wa ngege usio na mfano. Mapema katika miaka ya 1950 kulikuwa na kiwanda cha samaki kwenye ufuko wa Kasenyi, na wataalamu wakaanza kupima samaki waliovuliwa.

Vipimo vyao vinasema mambo kuliko hotuba. Mwaka 1950 ngege wa kawaida aliyetoka katika nyavu za ziwa hilo alikuwa na uzito wa gramu 900 hivi. Kufikia mwaka 1970, uzito huo ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Samaki hawakuwa wamekwisha. Mvuvi aliyetazama idadi tu angeweza kuapa kwamba ziwa ni lile lile. Lakini wakubwa walikuwa wamevuliwa, na waliobaki walinaswa kabla hawajakua. Nyavu zenye macho madogo zikaonekana kuwa dawa, nazo zikazidisha ugonjwa.

Mwaka 1988 Ziwa George na vinamasi vyake viliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu, la kwanza kwa Uganda. Vijiji vya wavuvi vilivyomo ndani ya hifadhi, kama vile Kahendero, Hamukungu na Kasenyi, vimezoea tangu zamani kuwekewa kikomo cha mitumbwi. Mwaka 2017 jeshi nalo lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa ya nchi. Askari aliyetumwa kazi hiyo hupokewa kwa nyuso zilizokunjamana, na ni vema aelewe kwa nini: wavu anaouchoma ndio ada ya shule ya mtoto wa mtu. Ni vema vilevile mwenye wavu aelewe kwamba samaki wa gramu 100 anayemvua leo angekuwa mlo wa watu watatu mwakani. Kazi ya askari huwa nyepesi pale ambapo wavuvi wenyewe wamekubaliana juu ya ukubwa wa macho ya nyavu, na huwa vita pale wasipokubaliana.

CHUMVI NA SHABA

Katwe na Kilembe ni mifano miwili isiyofanana. Katika ziwa la Katwe, lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale na lisilo na njia ya kutoka maji, watu huchota chumvi katika vipande vyao walivyogawiana, jua na upepo vikifanya kazi ya kukausha. Kapteni Lugard alijenga ngome hapo mwaka 1891 kwa sababu ya thamani ya chumvi hiyo, naye aliikuta biashara ikiwa kongwe tayari. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilijengwa kiwanda kikubwa cha kisasa cha kuisafisha. Maji ya chumvi yaliitafuna mitambo yake, na kiwanda hakikudumu. Wachota chumvi waliendelea kama zamani. Kazi yao si ya kuonewa wivu, maana maji yale huchubua ngozi ya wanaume na wanawake waingiao humo kila siku. Lakini moto wao ni jua, na jua haliishi.

Kilembe ilichimbwa shaba kuanzia mwaka 1956, mwaka ule ule ambao reli ilifika Kasese, hadi mapema katika miaka ya 1980. Shaba haioti tena. Palipochimbwa pamebaki mabaki ya mawe yenye salfa, na rundo kubwa la mabaki hayo karibu na Kasese lilitiririsha asidi kila mvua iliponyesha, likaacha mkanda wa ardhi isiyoota kitu kuelekea upande wa Ziwa George. Kuanzia mwaka 1999 kampuni moja ililichakata rundo hilo kwa msaada wa vijidudu vinavyokula madini, ikapata kobalti ndani ya kitu kilichodhaniwa kuwa taka. Kuuchimba mgodi bila kupanga mabaki yatakaa wapi ni sawa na kujenga nyumba bila choo.

NYUMBANI

Kina mama walioko katika nyumba za kambi za jeshi na polisi hawana tanuri la chokaa, lakini wana jiko, na hesabu ni ile ile. Kilo 100 za kuni zikichomwa mkaa kwa njia ya kienyeji hutoa kilo kati ya 10 na 20 tu za mkaa. Ingawa kilo ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni, zaidi ya nusu ya joto la mti huwa limepotea porini kabla gunia halijafika mlangoni. Kuni kavu katika jiko la udongo lililofunikwa pande zote, lenye mdomo mdogo na sufuria iliyokaa vizuri juu yake, huharibu msitu kidogo kuliko mkaa. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Sufuria ifunikwe. Kuni zipasuliwe nyembamba na kuanikwa wiki kadhaa. Mambo hayo matatu hayagharimu hata senti.

Na kwa kuwa chokaa imetajwa sana, inafaa kueleza namna ya kuitumia ukutani, kwani wengi huipaka ikabanduka baada ya mwezi. Chukua kilo 10 za chokaa iliyozimwa, uichekeche, uiloweke kwa maji usiku mmoja hata iwe kama uji mzito. Yeyusha kilo tatu za chumvi ya kawaida katika maji ya moto. Ile ya Katwe isiyosafishwa inatosha. Changanya, kisha ongeza maji hadi mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa. Piga ukuta brashi uondoe vumbi, uuloweshe maji, ndipo upake tabaka jembamba. Usishangae likionekana kama maji matupu: huwa jeupe likikauka. Siku ya pili paka tena. Chumvi huzuia ukuta usikauke upesi mno, na chokaa hupata nafasi ya kuvuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanurini, ikageuka tena kuwa jiwe, safari hii jembamba kama karatasi.

Chokaa ambayo haijazimwa isiwekwe nyumbani penye watoto. Ikigusana na jasho au machozi huchemka kama ilivyochemka ndani ya pipa. Ikimwingia mtu jichoni, asisugue. Macho yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali bila kungoja maumivu yapungue. Ikimwagika kwenye ngozi, unga mkavu upanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo maji yafuate kwa wingi.